Tuulize Mguu Kabla ya Kuuliza Mfuko

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, ofisi ya Chama hupata maulizo ya namna tatu: ya majamvi, ya wachumaji, na ya magari. Leo nataka kusema juu ya magari, na katika magari nataka kusema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni breki. Jamvi likichanika karafuu zitaanikwa juu ya jingine. Mchumaji asipofika leo huenda akafika kesho. Lakini breki ikikataa mteremkoni, gari limejaa magunia na watu wamekaa juu yake, hapo hapana kesho ya kungojea.

Wengi wetu twajua magari haya yanatoka wapi. Yanavuka bahari kutoka Tanga. Nchi ile ilikuwa nchi ya katani tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893, na tangu Land Rover ya kwanza ilipotolewa Uingereza mwaka 1948, mashamba makubwa hayakukawia kuona faida ya gari linalopita penye tope na penye mawe. Baadaye, mwaka 1967, serikali ilichukua mashamba mengi ya katani, na bei ya katani nayo ikaanguka kwa muda mrefu. Mashamba yakafifia, magari yakabaki, yakaenda mkono kwa mkono, kutoka msimamizi kwenda kwa mfanya biashara, kutoka mfanya biashara kwenda kwa dereva wa Muheza, mpaka mengine yakatufikia sisi. Gari lililozoea tambarare za katani sasa latakiwa lipande na kushuka vilima vya Pemba na mzigo mgongoni. Na wako wanachama wenye jamaa wanaolima mikarafuu upande wa Muheza, ambako barabara yapanda milima ya Usambara mpaka Amani, penye urefu wa kadiri ya mita 900 juu ya bahari. Mwenye kushuka kutoka huko na mzigo ajua vizuri kwamba injini hupandisha gari, lakini breki ndiyo imrudishayo mtu nyumbani.

Mtu asidhani kwamba nayalaumu magari haya kwa uzee wao. Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha katika sherehe yao, na nyingi katika hizo zilikuwa na umri kuwapita waliozishika usukani. Gari kuukuu lililotunzwa ni gari. Ninalolaumu ni desturi yetu sisi wenyewe, na nathubutu kuitaja waziwazi: breki inapoharibika, sisi hununua kwanza na kuuliza baadaye.

Desturi yenyewe ni hii. Dereva asema breki haishiki. Jirani asema, "Hiyo masta imekufa." Fedha zapelekwa Tanga kwa jamaa anayesafiri, masta mpya yaja, yafungwa, na breki ni ile ile. Basi mtu wa pili asema ni silinda za magurudumu. Fedha zaenda tena. Mwisho aja fundi mzee, alala chini ya gari na spana moja, azungusha ajasta za magurudumu manne, na gari lasimama. Kumbe brekishu zilikuwa zimelika kidogo na kukaa mbali na dramu, basi! Fedha ya karafuu ya siku nyingi imekwenda kununua kitu ambacho hakikuwa kigonjwa. Na hilo ndilo jambo jepesi. Jambo zito ni kwamba muda wote huo gari lilikuwa likiendeshwa barabarani, maana mwenyewe aliona amekwisha kulitengeneza.

Maoni yangu ni haya: yatupasa tuulize mguu kabla ya kuuliza mfuko. Mguu wa dereva juu ya pedeli hupata habari kamili za breki, kama tabibu anavyopata habari za mgonjwa kwa kumshika mkono. Ni sharti tu tujue lugha yake, na lugha hiyo si ngumu.

Breki za magari haya hufanya kazi kwa mafuta. Mfaransa Blaise Pascal, aliyekufa mwaka 1662, ndiye aliyeeleza kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa katika chombo, msukumo wake hufika sawasawa kila upande. Ukikanyaga pedeli, masta husukuma mafuta ndani ya mabomba, mafuta husukuma silinda ndogo zilizo katika kila gurudumu, na silinda hizo husukuma brekishu zikaganda juu ya dramu. Mafuta hayabonyei. Kwa hiyo kila mguu unapozama kupita kiasi, kuna jambo moja katika matatu: ama brekishu ziko mbali na dramu, ama upepo umeingia katika mabomba, ama mafuta yanatoroka mahali. Hayo matatu dawa zake ni mbalimbali, na kuyachanganya ndiko kunakotupotezea fedha.

La kwanza. Ukikanyaga mara moja pedeli yaenda chini sana, ukikanyaga tena upesi yapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe, basi shuku brekishu. Mafuta ya mara ya kwanza yametumika kuzifikisha tu kwenye dramu, na ya mara ya pili ndiyo yanayozikaza. Hapa hapana cha kununua mpaka kwanza umeajasti. Inua gurudumu, tafuta ajasta nyuma ya bamba la breki. Magurudumu mengine yana moja na mengine yana mbili, basi hesabu kabla ya kuanza. Kaza mpaka gurudumu likatae kuzunguka, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya hivyo magurudumu yote. Kama ajasta imefika mwisho na gurudumu bado halijashika, brekishu zimekwisha, na hapo ndipo pa kutoa fedha.

La pili. Ukikanyaga na pedeli yabonyea kama sifongo, na hata ukipampu mara nyingi yapanda lakini bado yarukaruka chini ya mguu, huo ni upepo. Upepo hubonyea, mafuta hayabonyei. Dawa yake ni kuutoa kwa nipo ya kila gurudumu, ukianza na gurudumu lililo mbali kabisa na masta na kumalizia la karibu, huku mtu mmoja akihakikisha chombo cha mafuta hakikauki hata mara moja. Land Rover ndefu ya 109 yajulikana kwa ukaidi, breki zake za mbele hupenda kuficha upepo. Mafundi husaidika kwa kukaza kwanza ajasta zote mpaka brekishu ziguse dramu, kisha hutoa upepo, kisha huajasti upya. Lakini jambo moja lisisahauliwe: upepo hauingii katika mabomba mazima bila ya mlango. Kama hukulifungua gari na upepo umeingia, tafuta ulipoingilia. Anayetoa upepo kila wiki bila ya kutafuta mlango ni kama achotaye maji katika chombo kilichotoboka bila ya kuziba tundu.

La tatu. Kanyaga pedeli, ishike kwa nguvu za kawaida, usiiachie kwa dakika nzima. Kama yazama pole pole mpaka chini, mafuta yanatoroka. Hapo liinamie gari, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tazama kila bomba, kila mpira wa breki, na upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukiona majimaji, umepata. Kama kote kukavu na chombo cha mafuta hakipungui, basi, na hapo tu, sema kwamba masta ni mbovu: raba zake za ndani zimelika, na mafuta yanarudi nyuma ndani kwa ndani bila ya kuonekana nje. Ndugu zangu, jaribio hili la dakika moja halina gharama hata ya senti, na lingalifanywa kila mara, masta nyingi zisingalivuka bahari.

Hayo ndiyo ya pedeli kuzama. Kuna dalili nyingine ambazo mguu huzipokea pamoja na mikono iliyoshika usukani.

Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, maana yake gurudumu la upande mwingine halifanyi kazi yake. Vua dramu uone. Aghlabu utakuta brekishu zimelowa. Swali ni zimelowa nini. Mafuta ya breki, au oili ya difu iliyopita kwenye oili sili? Ukikosea hapo utabadili silinda ilhali ugonjwa ni oili sili, na brekishu mpya zitalowa tena kabla ya mwezi kwisha. Mtihani wake ni mwepesi: chukua kidogo kwa kidole, tia tone la maji. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji na kuoshika. Oili ya difu hukataa maji, ikabaki yateleza, na harufu yake ni kali. Na brekishu zilizokunywa oili zisichomwe moto wala zisikwanguliwe zirudishwe, kama ifanyikavyo mahali pengi. Oili imeingia ndani, na zitapata moto wa kwanza mteremkoni zitaitoa tena. Zibadilishwe, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli, la sivyo gari litavuta upande mpya.

Gari likiwa zito, na gurudumu moja likiwa na moto kupita menzake baada ya mwendo mfupi, breki yake haiachii. Sogeza mkono karibu na kila dramu, usiguse, na tofauti utaiona. Fungua nipo ya gurudumu lile kidogo. Kama mafuta yaruka na gurudumu likawa huru, msukumo ulikuwa umefungiwa. Ukitaka kujua umefungiwa wapi, mara nyingine likishika tena, usifungue nipo, bali legeza bomba linalotoka kwenye masta. Likiwa huru, ubaya uko juu kwenye masta, na mara nyingi ni fimbo ya pedeli iliyokazwa mpaka hapana nafasi ya kucheza hata kidogo. Lisipokuwa huru, tazama mpira wa breki: kwa nje huonekana mzima, lakini kwa ndani umevimba na kuziba kama mshipa wa mtu. Kama kulegeza kote hakukusaidia, basi ni brekishu zilizokazwa mno au silinda iliyoganda kwa kutu.

Pedeli ikiwa ngumu, haizami, lakini gari halisimami, uliza kwanza kama gari lina servo, lile pipa la kusaidia mguu ambalo mafundi huliita busta. Zima injini, kanyaga mara nyingi mpaka pedeli iwe ngumu, ishike hapo, kisha washa. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, servo yafanya kazi. Isiposhuka, tazama mpira wake wa hewa, na kama injini ni ya dizeli, pampu yake. Ndiyo sababu kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta ni wazimu: mwenye gari la servo hujiondolea nusu ya breki kwa mkono wake mwenyewe, na asiye na servo hujiondolea msaada wa gia.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo laua watu hata penye breki nzima, nalo ni mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hapana penye unyevu kama pwani yetu na visiwani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya joto la digrii 205. Yakisha kunywa maji, kipimo chake hushuka mpaka digrii 140. Mteremko mrefu na mzigo mzito huweza kabisa kuleta joto hilo. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, mvuke hubonyea kama upepo, na pedeli huanguka mpaka sakafuni. Kisha gari likisimamishwa kwa bahati, likapoa, pedeli hurudi kama kwamba hapakuwa na kitu! Hapo ndipo dereva husema, "Ilikuwa shetani tu." Si shetani, ni maji. Breki iliyopotea mteremkoni ikarudi bondeni haijapona, imetoa onyo, na si lazima itoe la pili. Mafuta ya breki yamwagwe yote na kutiwa mapya angalau kila miaka miwili, na yanunuliwe katika kopo dogo lililofungwa. Lile kopo kubwa lililoachwa wazi dukani tangu mwaka juzi, hata kama ni rahisi, si mafuta tena.

Na asiwepo mtu wa kutia oili ya injini, wala oili ya hidroli ya trekta, wala maji ya sabuni, kwa hoja kwamba ni "kwa kufikia nyumbani tu". Oili ya injini huvimbisha raba zote, kutoka masta mpaka gurudumu la mwisho, na gari lililotiwa oili kwa kufikia nyumbani halitoki nyumbani mpaka raba zote zimebadilishwa. Vivyo hivyo raba zisioshwe kwa petroli. Zioshwe kwa mafuta ya breki yenyewe.

Yako mambo matatu ya hatari ambayo kila anayelala chini ya gari lazima ayajue. La kwanza, handibreki ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliachia gurudumu hilo lizunguke, na gari laweza kutembea juu yako ilhali handibreki imevutwa. Basi kabari za mti au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, kila mara, bila ya kubishana. Na kwa sababu hiyo hiyo handibreki hiyo ni ya kusimamia, si ya kuvutwa gari likiwa katika mwendo. La pili, brekishu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu inayojidhihirisha baada ya miaka mingi. Dramu isipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Ifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa kitupwe. La tatu, magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote nne zimekwenda pamoja. Kwa gari la namna hiyo bomba lililoliwa na kutu si "dogo". Na sisi tunaovusha magari baharini na kuyaendesha kando ya pwani, chumvi hula mabomba yetu kwa haraka. Gari likishuka chomboni lioshwe chini kwa maji matamu siku ile ile.

Najua majibu nitakayopewa. Wako watakaosema kwamba dereva mzoefu hushuka kwa gia ndogo wala haihitaji breki. Ni kweli kwamba gia ndogo ni adabu ya mteremko, na mtu aitumie kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Lakini gia haisimamishi gari mtoto anapokatiza barabara. Na mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya kusimamisha gari huzidi mara nne. Uzoefu wa dereva haubadili hesabu hiyo.

Wako watakaosema kwamba fedha hazipo mpaka karafuu ziuzwe. Nami nawajibu kwamba sehemu kubwa ya niliyoyaeleza haitaki fedha. Kukanyaga pedeli dakika moja, kuinama, kutia tone la maji juu ya kidole, kusogeza mkono karibu na dramu, kuzungusha ajasta: gharama yake ni nusu saa na nguo kuchafuka. Kinyume chake, asiyeuliza ndiye anayemaliza fedha, kwa kuwa hununua masta, silinda na brekishu kwa kubahatisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na wako watakaosema kwamba gari ni la mwenyewe na Chama hakina neno. Hapo sikubaliani kabisa. Wachumaji wetu, ambao wengi ni vijana na kina mama wanaolipwa kwa pishi, hawalichagui gari. Hupanda lile linalotoka dagoni jioni, wakakaa juu ya magunia kwa sababu hapana pengine pa kukaa. Tayari wameshinda mchana kutwa juu ya matawi ya mikarafuu, na sote twajua hatari ya matawi hayo. Si haki mtu ateremke salama kutoka mkarafuuni, kisha avunjwe na gari la mwenye shamba. Gunia la karafuu likimwagika laokoteka. Mtoto wa watu haokoteki.

Kwa hiyo nakusudia kuleta mbele ya mkutano wetu mkuu shauri hili, na nawaomba wanachama walifikirie tangu sasa. Hapana gari litakalopakia mzigo wa Chama ila limejibu maswali manne asubuhi ya siku hiyo, mbele ya mtu mwingine asiyekuwa dereva. Moja, chombo cha mafuta ya breki kimefika alama yake, na kama kimepungua, yamekwenda wapi? Mbili, pedeli ikishikwa dakika nzima yasimama au yazama? Tatu, pande za ndani za magurudumu manne na mabomba yote, ni makavu? Nne, likiendeshwa penye tambarare, kwanza kwa mwendo wa mtu wa miguu kisha kwa kilomita 30 kwa saa, lasimama upesi na sawasawa bila ya kuvuta upande? Majibu yaandikwe katika daftari, tarehe na namba ya gari. Swali moja likikosa jibu jema, magunia yashushwe, na gari litengenezwe kwa kufuata dalili, si kwa kubahatisha.

Na la tano, ambalo halihitaji daftari: watu wasichukuliwe juu ya magunia. Gari la mzigo libebe mzigo, na watu watafutiwe gari la watu, hata kama ni kwa safari mbili. Najua hili litaleta manung'uniko katika siku za mavuno mengi, mawingu ya vuli yanapojikusanya na kila mtu ataka kuwahi jamvi lake. Lakini mwenda pole hajikwai, na karafuu zilizochelewa saa moja bado ni karafuu.

Anayekwenda Tanga kununua gari kabla ya msimu, naye ayachukue maswali haya manne. Asidanganyike kwa rangi mpya wala kwa injini iliyooshwa ikang'aa. Akanyage pedeli, aishike, ahesabu mpaka sitini huku muuzaji akimtazama. Muuzaji mwaminifu atangoja. Akianza kumharakisha kabla ya hesabu kwisha, hilo nalo ni jibu.

Wenu katika kazi ya Chama,

KATIBU